Bendeji ya Atumani na Maji ya Udhu

Mume wangu Atumani ni fundi cherehani hapa mtaani Buyenzi. Kichwa chake ni kigumu kuliko chuma cha cherehani yenyewe. Kwa miaka minne mfupa ulikuwa umemtokeza kando ya kidole gumba cha mguu wa kulia. Ukawa mwekundu, ukamuuma. Huo ndio mguu anaokanyagia cherehani. Ukigoma mguu, kazi imesimama.

Nilimwambia aache viatu vyembamba. Akaendelea kuvivaa. Nikamwambia aende hospitali. Akaenda kwa mzee wa kukanda, akavutwa kidole mpaka machozi yakamtoka. Sikio la kufa halisikii dawa.

Siku aliposhindwa kumaliza nguo za harusi, nilichoka. Nikamwita jirani yetu Irène, muuguzi kutoka Uvira. Akaushika mguu, akatueleza kuwa hiyo si nyama iliyoota. Ni mfupa umehama, na kidole gumba kinavilalia vidole vingine. Viatu vipana hupunguza maumivu, ila mfupa haurudi. Lakini kuna upasuaji wa matundu madogo. Daktari hupiga picha kwanza, aone kama upasuaji huo unamfaa mgonjwa. Kisha hutoboa vitundu, hukata mfupa kwa kifaa chembamba, huunyoosha na kuushika kwa skrubu. Hapasui mguu mzima.

Atumani aliuliza jambo moja tu. Ataoshaje mguu akitaka kusali? Irène akasema bendeji isiguse maji mpaka daktari aitoe, labda wiki mbili. Atumani akaitikia. Nami nikamwamini, mjinga mimi.

Alipasuliwa, akarudi siku hiyo hiyo amevaa kiatu kigumu cha hospitali. Siku ya tatu, adhuhuri, nikamkuta uani, birika mkononi, bendeji ameifungua nusu. Hasira zilinipanda.

"We Atumani, unataka muguu ioze?"

"Mi siwezi kusimama mbele ya Mungu na muguu haijaoshwa," akasema polepole.

Kumbe miaka minne yote hakuogopa kisu. Aliogopa kufungwa bendeji asiweze kutawadha, sala ikaharibika, na aliona haya kumuuliza shehe.

Nikampokonya birika. Irène akaja, akaona kidonda bado kikavu, akamfunga bendeji safi. Mimi nikamfuata Shehe Mohamadi wa msikiti wa mtaa wa pili, akaja mwenyewe.

"Dini haikukutuma ujiumize," shehe akamwambia. "Daktari akikataza maji, tayamamu, pangusa uso na mikono kwa udongo safi. Ungeniuliza zamani."

Miaka minne ya maumivu, na jibu lilikuwa mtaa wa pili! Nilitoka nje nisije nikasema neno baya.

Atumani akatayamamu, akasali amekaa. Wiki ya nane daktari alipiga picha, akaona mfupa umeshika, akamruhusu kukanyaga cherehani. Jioni mguu bado huvimba kidogo. Irène anasema huchukua miezi.

Jana nilimpelekea chai barazani. Alikuwa anashona, anakanyaga cherehani kwa miguu yote miwili, huku akimgombeza mteja mwenye viatu vyembamba. Alimwambia aende hospitali mapema, na kama kuna jambo la sala linalomtatiza, amuulize shehe siku hiyo hiyo. Alisema kwa sauti kubwa, kama mtu aliyeyajua hayo tangu kuzaliwa.

Niliweka chai, nikaondoka.