Mifereji Miwili

Kitu cha kwanza Jepleting alichokiona hakikuwa damu kwenye kiti. Kilikuwa puli ya supachaja, gurudumu dogo linalozungushwa na belti. Ilikuwa na mifereji minane. Sita iling'aa kama sufuria mpya, miwili ya pembeni imejaa unga mweusi wa mpira.

Gari la Kipkemoi lilikuwa limeegeshwa uani kwa polisi, pua imebonyea, kiti bado kimesukumwa nyuma kwa ajili ya miguu yake mirefu. Ijumaa saa nne asubuhi, akipanda mlima juu ya Mai Mahiu, belti ilikatika. Belti hiyohiyo ndiyo iliyozungusha supachaja, ile mashine ya kuisukumia injini hewa, pamoja na pampu ya usukani. Usukani ukawa mzito konani. Gari likaporomoka naye.

Sasa Hiram, fundi wa gereji ya Bahati aliyeifunga belti Alhamisi, alikuwa seli, na Jumatatu alikuwa apelekwe kortini. Urefu wa belti ulipimwa na Jepleting, msaidizi wake, kwa uzi wa kufumia. Tangu msiba, kila akifumba macho aliisikia belti ikilia.

"Chakula ulichomletea Hiram kinapoa," Sajini Wachuka alimwambia. "Unatafuta nini hapo?"

"Madam... belti yenyewe iko wapi?"

Sajini akaitoa kwenye bahasha. "Nilidhani Kihara wa duka la spea aliuza feki. Lakini ni mali safi. Basi limebaki kosa la Hiram, alichagua vibaya. Quincy ndiye aliyeiokota barabarani."

Quincy, rafiki wa marehemu, alikuwa kwenye benchi, amekuja kutia sahihi maelezo yake. Alikuwa amelia mpaka macho yamevimba.

Jepleting aliihesabu kwa kidole. "Meno nane, jino moja kwa kila mfereji."

"Ati sasa aliyeachia darasa la sita anatuhesabia belti!" Quincy akacheka.

"Mpaka nane nafika, boss." Sauti yake ilikuwa ndogo. Akatoa uzi mfukoni, akaunyoosha juu ya belti. Fundo la kipimo likaishia penye ncha, sawasawa. "Hii ni ile ya Hiram. Lakini kama ndiyo iliyozunguka puli, mifereji yote minane ingeng'aa. Belti iliyopanda mlima ilikuwa na meno sita. Iliteleza, ikajisaga, unga ukajaa kule kulikobaki wazi. Na hii haijakatika, madam. Imekatwa kwa kisu."

Sajini aliinama kwenye puli, akatazama kwa muda. Alipoinuka hakumtazama Jepleting.

"Quincy. Alhamisi usiku gari lililala wapi?"

"Kwangu. Kila mtu anajua."

"Na gari lako linatumia belti ya meno mangapi?"

Quincy aliinuka kwenye benchi. "Sita."

"Uliokotaje barabarani belti ambayo haikuwa ndani ya gari?"

Quincy alifunika uso. "Mashindano ya kupanda mlima yalikuwa yafanyike Jumapili. Miaka mitatu mimi ndiye wa kwanza kufika juu, halafu yeye anafunga supachaja! Nilimfungia belti yangu, nikitaka iteleze tu, gari likose nguvu. Hakuniambia Ijumaa anaenda Limuru kumwona mamake." Akavuta pumzi. "Nilimfuata nimwambie. Nilichelewa kwa kona moja. Nikaona nifiche ile yangu, niikate hii na kuileta."

Saa tisa Hiram alitoka, akala ugali wake uliopoa akiwa amesimama. "Uzi wako umeniokoa, dada," alisema. Jepleting aliitikia kwa kichwa tu, akarudi penye gari.

Ijumaa saa mbili asubuhi Kipkemoi alikuwa amepita mbele ya gereji, akapiga honi, akampungia mkono. Belti ilikuwa ikilia kama paka aliyefungiwa ndani. Jepleting aliisikia. Aliinua mkono, lakini mbele ya wanaume wote wa gereji hakuthubutu kumwita.

Aliinama dirishani, karibu na kiti kitupu.

"Kipkemoi," alisema, "belti inalia. Usiende."