Nani Anafumua Kawa ya Harusi?

"Mfukuze leo hii, Husnah! Yule si mtu wa kawaida!" Maimunah alifoka juu ya ua wa mabati, leso kiunoni.

"Na ulimi wako ndio wa kawaida?" alijibu Husnah, jirani yake, huku akisuka ukindu.

Rehemah, binti yake Husnah wa miaka kumi na miwili, aliacha kuosha vyombo akatega masikio. Mama alikuwa amepewa kazi ya kusuka tabaga kubwa, kawa ya kufunikia chakula cha harusi. Peke yake asingeimaliza, akamchukua Namalwa, msukaji mgeni mtaani, kwa majaribio. Namalwa hakucheka wala kupiga soga. Alitazama kama mtu anayesikiliza kitu chini ya ardhi. Na tangu aje, kila asubuhi kawa ilikutwa imefumuliwa sehemu katika banda lao la kusukia, kando ya reli. Mtaa mzima wa Namuwongo ukasema ni majini.

"Harusi ikikosa kawa, nani atakupa kazi tena?" Maimunah alisema. "Mchukue Ajwang, naye anajua kusuka. Yule anacheka mpaka kuku wanamsogelea!"

Rehemah aliona mikono ya mama imesimama.

Kesho yake alfajiri, Rehemah alipokwenda kuteka maji, ukungu wa kinamasi ulikuwa umeimeza reli yote. Kimya. Hata mbwa hawakubweka. Kisha akasikia mtu akiimba puani wimbo usio na maneno, ndani ya banda. Akachungulia penye ufa wa mbao. Kitu cheupe, hakina kichwa, kilikuwa kimeinamia kawa, na vidole virefu vikichomoa ukindu taratibu, tss, tss.

"Mamaaa!" Dumu likamtoka mkononi.

Kitu kile kikageuka. Alikuwa Namalwa, amejitanda shuka jeupe gubigubi kwa baridi.

Husnah alifika mbio. Maimunah naye hakukosa.

"Kumbe ni wewe unayenifumulia?" Husnah aliuliza kwa ukali.

"Nafumua ya kwangu tu, dada. Jana ulinisifu, lakini nilijua mkono wangu ulilegea. Mvuke wa chakula ukiipiga, kawa itapinda mbele ya wageni. Nafumua mapema ili niloweke ukindu ulainike, ndipo nisuke upya."

"Mbona hukusema?"

"Nimwambie nani? Nikisalimu hapa, watu wanageuza nyuso."

Rehemah akainamisha kichwa. Naye alikuwa mmoja wao. "Nisamehe, Anti," alinong'ona.

Husnah alipitisha kidole gumba juu ya kawa. Mizunguko ya Namalwa ilikuwa imekaza kama ngozi ya ngoma. Mzunguko uliolegea ulikuwa mmoja tu, nao Husnah aliusuka mwenyewe. Akaanza kuufumua.

"Rehemah mwanangu," alisema, "kicheko ni kitamu, hata mimi nakipenda. Lakini mwenzako wa kazi usimpime kwa meno. Mpime kwa anachofanya akidhani haonekani. Na wewe, Namalwa, ukifumua sema. Ukimya wako umetuzalia majini. Kazi ni yako."

Maimunah alikohoa, akakaza leso yake.

"Banange, jamani, mdomo wangu! Namalwa, usinichukie. Nimeshapika kisra, chapati laini za mtama, na mchuzi wa bamia. Twende kwangu, ingia tule, kabla sijazua uongo mwingine."