Koili ya Saa ya Mwalimu

"Mwizi mkubwa wewe! Toka!"

Maneno hayo nilimwambia kaka yangu wa tumbo moja, mbele za watu, nimemkaba shati...

Mnaotaka kunitukana kwenye komenti, tukaneni tu. Ni haki yenu.

Mimi na kaka tulikuwa na kibanda cha kutengeneza saa za mkono za zamani, zile za betri. Mwalimu mmoja mstaafu akatuletea yake, aina ile isiyogonga tik-tik, inavuma kama nyuki ukiiweka sikioni. Kaka ndiye aliyeishika hiyo kazi.

Wiki iliyofuata akaja mtoto wa kiume wa Mwalimu.

"Mzee anataka saa yake."

Natafuta... haipo!

"Nimempelekea nyumbani, mzee anaumwa," kaka akasema.

"Mimi nakaa naye. Haijafika!"

Nikavuta droo ya kaka. Koili ya saa ile ile, kile kisokoto cha waya kinachoivumisha, hii hapa! Nikajua kaichinja saa ya watu auze vipuri.

"Mdogo wangu, hiyo mbovu, nimembadilishia. Si upime?"

Sikupima. Mimi huyu, ninayepima hata betri mpya ikitoka kwenye pakiti! Nikamkaba shati, nikamfukuza.

Miezi minne baadaye kaka akafia kwenye chumba cha kupanga, kifua kilimbana, hana hata wa kumpa maji. Sikuwahi kwenda kumwona.

Juzi akaja binti wa Mwalimu. Akaweka saa mezani. Jamani, ile ile iliyopotea!

"Baba ametutoka. Hii tumeikuta ndani ya mto wake."

"Aliipata wapi?!"

"Si fundi wenu alimletea kitandani? Mlango nilimfungulia mimi. Baba akaificha, maana kaka yetu, mtoto wake mwenyewe, alikuwa anabeba kila kitu ndani anaenda kuuza."

Ile koili nilikuwa nimeitunza, eti ushahidi. Nikaichukua, nikaigusisha mita ya kupimia umeme. Sindano haikutikisika. Waya umekatika ndani, imekufa kabisa. Nikalia pale pale mbele ya mteja, bila aibu.

Nikafunga kibanda, mbio kwa mama. Nikapiga magoti, nikamweleza yote.

Mama hakuacha kukunja nguo zake.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua nini, mama?"

"Kaka yako aliniapia kwamba hakuiba, nikamwamini. Nikamwambia anyamaze, aende zake."

"Mama! Kwa nini hukuniambia?!"

"Wewe ndiye unayenilisha, mwanangu. Nilikuona ulivyomfanya mwenzio. Nikaogopa nikimtetea, na mimi utanitoa."

Nilitaka kubisha. Kwa hasira niliyokuwa nayo siku ile, ningemtoa kweli.

Wasomaji wangu, hasira hasara tunaisema kila siku, mimi hasara yangu iko kaburini. Ukiona kwenu ukifoka wote wanakaa kimya, usijisifu kwamba unaheshimiwa. Wanakuogopa, na kuna mtu anaumia.