Dereva Aliyeweka Majani

Benno alikuwa amelala kifudifudi kando ya lami pale Mahongole, mguu wa kulia umepinda mahali ambapo mguu haupindi. Baiskeli yake ilikuwa mtaroni. Waliomkuta asubuhi ile ya ukungu walidhani ni maiti, wakamfunika kitenge. Maiti ikakohoa.

Inspekta Asteria alipofika kutoka Makambako, majeruhi alikuwa amekwisha kukimbizwa hospitali. Gari lililomgonga lilikuwa limetoweka. Kwenye eneo la tukio vilibaki vipande vya kioo cha taa, na matawi mabichi yaliyotandazwa barabarani upande huu na upande ule, kama madereva wetu wanavyofanya kuonyana kwamba mbele kuna hatari.

"Nani kaweka haya majani?"

"Tumeyakuta, afande," alijibu Koplo Davis. "Mashahidi wote wanasema hivyo."

Jambo hilo lilimkera Asteria. Anayegonga na kukimbia hana muda wa kuweka majani, na anayeweka majani huwa hakimbii. Huyu alifanya yote mawili.

"Davis, hapa jirani kuna miti gani?"

"Miwati. Misindano. Parachichi."

"Na hili ni tawi la nini?"

Koplo aliligeuza geuza. "Silijui."

"La mtufaha. Mama yangu ni wa Makete. Kule wakipakia epo kwenye gari wanazifunika kwa matawi yake, zisichomwe na jua. Mtu wetu hakukata majani hapa. Aliyatoa juu ya mzigo wake."

Simu ikaita. Alikuwa Conjesta, mke wa Benno, akipiga kutoka hospitali.

"Daktari anasema atapona, ila mguu lazima uwekwe chuma. Afande, sisi tunalima mahindi. Hicho chuma tutakitoa wapi? Asipotembea, nani atalima?"

"Nitampata aliyemgonga, dada."

Aliahidi haraka kuliko alivyopaswa, na alijua.

Sokoni Makambako alimkuta Hilda, muuza matunda, ameketi mbele ya meza tupu.

"Kamwene, mama."

"Kamwene, afande. Leo umenikuta vibaya, epo zangu hazijafika."

Asteria akasogea karibu na meza. "Anakuletea nani?"

"Haruni wa Njombe. Anazitoa Ipelele, kule Makete, kwa pikapu yake. Nimempigia mpaka nimechoka, hapokei. Si kawaida yake."

Asteria na Davis walishika njia ya Njombe. Nyumba ya Haruni haikuwa ngumu kuipata. Nyuma yake ilisimama pikapu iliyofunikwa turubai. Davis alilivuta. Taa ya kushoto ilikuwa imevunjika, na makreti ya matufaha yalikuwa bado juu, hayana jani hata moja.

Haruni alikuwa ameketi kwenye kigoda. Mkewe, Oktavia, alisimama mlangoni akiwatazama askari kwa zamu.

"Gari limepatwa na nini?" Asteria aliuliza.

"Nimegonga mbwa, afande."

"Mbwa aliyepanda baiskeli?"

Haruni aliinamisha kichwa. Alipokiinua, aliuliza, "Amekufa?"

"Yu hai. Amevunjika mguu."

Mtu mzima yule aliangua kilio kama aliyeondolewa gunia mgongoni. "Asante Mungu! Asante Mungu!" Hata Davis, ambaye si mtu wa huruma za bure, aligeukia ukutani.

Asteria alimpa onyo la kisheria, kisha akauliza, "Ulikuwa umelewa?"

"Hapana. Ukungu. Alitokea ghafla, nikakanyaga breki, haikutosha. Nikashuka. Nikamwita, hakuitika. Nikaweka majani asije akakanyagwa na lori. Nilijua nimeua."

"Kwa nini hukumpeleka hospitali?"

"Gari halina bima, afande. Iliisha tangu kiangazi. Nikajua kumtibu ni juu yangu, kumzika ni juu yangu. Lingeuzwa shamba, ingeuzwa nyumba hii. Nikawaona wanangu wamelala nje. Nikageuza gari."

"Bima ipo," alisema Oktavia.

Wote wakamgeukia.

"Ipo wapi?" Haruni alifoka. "Stika ya kwenye kioo imekwisha muda!"

"Siku hizi hawabandiki, inakaa kwenye mtandao. Nilipokuomba ukate bima ulinijibu bima yako ni Mungu. Nikaona nisibishane na wewe. Mwezi uliopita nikauza parachichi zangu, nikakata kwa wakala pale stendi. Lakini ni ile ndogo tu, afande."

Asteria alikuwa amekwisha kuingiza namba ya gari kwenye simu yake. Jibu likaja: bima ilikuwa hai. Akashusha pumzi ndefu.

"Ndogo ndiyo inayomtibu aliyegongwa, mama. Kubwa ingetibu na bati la gari lenu."

Alimpigia Conjesta palepale. "Dada, aliyemgonga mumeo tunaye, na gari lake lina bima. Mguu utawekwa chuma." Kigelegele kilichotoka kwenye simu ile kilisikika uani kote, na Asteria akajikuta anacheka peke yake.

Davis alitoa pingu. Haruni hakubisha, alinyoosha mikono yote miwili. Macho yake yalikuwa kwa mkewe, kisha yakahamia kwa inspekta.

"Kwa hiyo pale Mahongole," alisema taratibu, "ningebaki naye tu?"

"Ungebaki naye tu," alijibu Asteria, akamfungulia mlango wa gari la polisi.