Herufi Moja Kifuani mwa Kinyozi

Kinyozi alikuwa hodari wa maneno. Watu walimwendea kunyolewa, wakatoka wakicheka. Lakini tangu augue kifua kikuu, alishinda nyumbani akikohoa. Shati lilimpwaya.

Kila asubuhi mkewe, mshona nguo, alimletea vidonge na maji.

"Meza."

"Nimemeza."

"Fungua mdomo. Inua ulimi."

Kinyozi alitii kama mtoto. Mkewe alichungulia, akarudi kwenye cherehani. Wagonjwa wengine walioanza dawa pamoja naye walikuwa wamenenepa. Yeye alizidi kukonda.

Siku moja kinyozi alikohoa, leso ikaingia damu. Cherehani ikanyamaza.

"Niambie ukweli, baba watoto. Dawa unazitema wapi?"

"Sizitemi!"

"Basi mbona huponi? Unataka kuniachia watoto peke yangu?"

"Unaniita mwongo ndani ya nyumba yangu?"

Mtoto wao wa mwisho, aliyekuwa akicheza mlangoni, alianza kulia. Kisha naye akakohoa.

Wazazi walitazamana. Ugomvi ukaishia hapo. Walimbeba mtoto, wakaenda kliniki.

Muuguzi alimchukua mtoto kumpima, akawaelekeza wazazi kwa mtaalamu wa maabara, mama mmoja mwenye sauti ya upole. Mshona nguo hakungoja kukaribishwa.

"Dada, huyu anatupa dawa. Mwambie atakufa!"

"Pole, mama. Huenda hazitupi. Tukiulize kijidudu chenyewe cha kifua kikuu."

"Kijidudu kinasema?"

"Hakisemi, ila kinasomeka. Kila kiumbe kina maelekezo ndani yake. Tunayaita vinasaba, au DNA. Ni kama mstari mrefu ulioandikwa kwa herufi nne tu. Sasa chukua neno 'dawa'. Toa w, weka d. Unapata nini?"

"Dada," alijibu kinyozi.

"Umeona? Herufi moja tu, na maana imegeuka. Kijidudu nacho kikibadilika herufi moja mahali pabaya, dawa inaweza isikiue tena. Mgonjwa anameza, kijidudu kinadunda."

"Mbona nilipimwa mwanzoni?"

"Kipimo kile cha haraka hutazama sehemu chache. Safari hii tutatoa vinasaba vya kijidudu kwenye makohozi yako, tuvinakili viwe vingi, halafu mashine ivisome herufi kwa herufi. Lakini nataka makohozi, si mate. Sukutua kwa maji. Toka nje, mbali na watu. Vuta pumzi ndefu, kohoa kutoka kifuani, kisha funga kikopo vizuri. Na dawa usiache mpaka tukuambie."

Siku za kungoja zilikuwa nzito. Madirisha yalikaa wazi. Kinyozi alilala chumba chake peke yake. Mume na mke hawakusemezana ila "meza" na "nimemeza".

Simu ilipolia, sindano ilimchoma mshona nguo kidole. Waliitwa kliniki.

Mtaalamu aliwaonyesha mistari miwili ya herufi kwenye kompyuta. "Wa juu ni wa kijidudu kinachouawa na dawa. Wa chini ni wa kijidudu chako."

Mshona nguo alifuata mistari kwa kidole, polepole. Herufi zililingana, zikalingana. Kisha kidole kikasimama.

"Hapa," alinong'ona. "Hapa hazifanani."

"Hapo ndipo dawa iliposhindwa. Mumeo alikuwa anameza kila siku. Na mtoto hana kifua kikuu, ni mafua tu. Ila tutaendelea kumfuatilia, pamoja na nyinyi nyote wa nyumbani."

Mshona nguo aliinamisha kichwa. "Nisamehe, baba watoto."

Kinyozi aliitazama ile herufi kwenye kompyuta. Kisha akasema, "Jana nilikuwa nimeamua kuziacha. Nilisema moyoni, kama nasingiziwa, bora niache kweli."

Mkewe alimshika mkono, akaubana. Hakuna aliyecheka, hata kinyozi mwenyewe.

Daktari alimbadilishia dawa, akampa zile ambazo kijidudu kile hakikuziweza. Kikohozi kikapungua. Uzito ukarudi. Miezi ikapita, makohozi yakapimwa tena na tena, yakawa safi. Akamaliza dawa zake zote.

Alipofungua kibanda chake tena, mteja wa kwanza alikuwa mtoto wake, ameshikwa mkono na mama yake. Nywele zilikuwa zimemfunika masikio.

"Jamani, huyu ni mtoto au kichaka?" kinyozi aliuliza.

"Mnyoe," alisema mkewe. "Nilikataa aguswe na kinyozi mwingine."