Fundi Aliyelisingizia Pipa Lake

Watu wa Haro, mji wa mvinyo kaskazini mwa Hispania, hunywa mchana, na Jumamosi ile mtaa wa baa ulifurika hata glasi zikawa zinapitishwa juu ya vichwa. Emeterio, fundi mapipa mwenye mabega kama mlango wa kanisa, aligeuka vibaya akammwagia mvinyo mwanamke wa gauni la kijani. Mwanamke hakufoka. Alikinusa kiganja chake kilicholoa, akamtazama.

"Mvinyo wa juzijuzi, tena uliwekwa karibu na samaki. Bwana, ukitaka kunimwagia, nimwagie kitu cha maana."

Aliitwa Valvanera, mwonjaji kwenye ghala lilelile la mvinyo alikoajiriwa Emeterio, ila yeye chini kwenye mvinyo na Emeterio karakanani, miaka yote walikuwa hawajawahi kuzungumza. Kabla ya mavuno walikuwa wameshaanza kuitana majina ya mapenzi yasiyoandikika.

Tatizo lilikuwa Don Ginés, mwonjaji mkuu, nywele za fedha, koti la kushonewa Bilbao. Kila alasiri alijifungia na Valvanera ghala la chini, saa nzima, kwa mshumaa mmoja. Wivu ukamtafuna Emeterio. Alizigonga pete za mapipa kwa hasira mpaka njiwa wa Logroño, kilomita arobaini kutoka hapo, wakahama mji.

Akampigia simu Valvanera kumuuliza walikuwa wakifanya nini humo.

"Tunaonja," Valvanera akasema.

"Saa nzima?"

"Mvinyo wa miaka kumi na miwili hauharakishwi, moyo wangu."

"Na mshumaa?"

"Wa kumulika machicha ya mvinyo. Emeterio, usinihoji kama polisi. Kuna jambo si langu kulisema."

Hilo jambo lisilo lake ndilo lililomnyima fundi usingizi.

Siku ya kuonja ikafika. Lilikuwa pipa moja la mwaloni, lenye mvinyo mweupe ambao Valvanera aliulea miaka kumi na miwili, tangu ukiwa maji ya zabibu. Mwenye ghala alikuwepo, na wageni wake. Kwa desturi ya ghala lile wote huonja, lakini neno la mwisho ni la fundi mapipa. Akisema mbao zimeharibu, mvinyo unakwenda kuwa siki, basi.

Emeterio akaonja. Ulikuwa na rangi ya dhahabu kongwe, harufu ya lozi za kukaanga, nta ya nyuki na ganda la chungwa, na mwishoni uchachu mkali uliomsisimua mpaka magotini. Nusura alie. Hapo akamwona Don Ginés ameinama kwenye sikio la Valvanera, akimnong'oneza kitu.

"Mbao zimeoza," akasema Emeterio. "Unanuka ukungu."

Watu wakapigwa na butwaa. Hakuna aliyewahi kumsikia fundi akilisingizia pipa alilolitengeneza mwenyewe. Kabla Valvanera hajafumbua mdomo, Don Ginés aliinua glasi yake, akanusa, akakunja uso.

"Kweli. Ukungu. Nimeusikia tangu mlangoni."

Emeterio akaganda. Ukungu ule alikuwa ameutunga yeye, muda si mrefu, kwa mdomo wake. Akamtazama Valvanera. Alikuwa amelishika koti la Don Ginés kwenye kiwiko, kama mtu amshikavyo anayetaka kuanguka. Ndipo fundi alipoelewa: pua ya mwonjaji mkuu ilikuwa imekufa, hainusi tena, na kila alasiri Valvanera alikuwa akinusa kwa niaba yake, ili asifukuzwe.

"Mabwana, nimesema uongo," Emeterio akasema. "Mvinyo ni mzima. Nimeona wivu kwa ajili ya huyu bibi. Don Ginés alinijua mapema, akaniitikia makusudi aone nitafika wapi."

Don Ginés alikohoa, akanyoosha kola. "Nilitaka kujua kama ana haya."

Wakacheka mpaka mwenye ghala akafuta macho, na pipa likapita. Kuanzia hapo mji mzima ukamwita fundi Ukungu. Valvanera alitoka bila kumtupia jicho.

Siku tatu simu kimya. Ya nne, mchana, ikalia.

"Umeniaibisha," Valvanera akasema. "Miaka yangu kumi na miwili ungeimwaga kwenye siki."

"Najua."

"Uongo wako wa kwanza sitausahau, nitakusimanga nao mpaka uzeeni. Ila ule wa pili, wa kumsitiri Don Ginés... Kwa huo, posa yako naikubali."

"Mbona sijaposa?"

"Basi posa, Emeterio. Chaji inaniishia."