Kanuni ya Nne ya Mwalimu Evanthia

Duka la fotokopi la mtaa wa Toumba likifika mwezi wa Mei ni vurugu tupu. Mitihani ya taifa imebaki wiki tatu, na walimu wa masomo ya ziada wa nusu ya jiji la Thesaloniki, Ugiriki, wamejazana humo na mafaili yao, kila mmoja ana haraka kuliko mwenzake. Evanthia, mwalimu wa hesabu, alikuwa na gauni la kijani, nywele kazibana kwa penseli. Alikuwa akitafuta karatasi yake ya kanuni kwa wazazi aliposikia mtu anaisoma kwa sauti nyuma yake.

"'Kanuni ya nne. Atakayeghairi kipindi zikiwa zimebaki chini ya saa ishirini na nne, saa hiyo imehesabiwa, na mwalimu ana haki nayo.' Mama wee! Huyu mwalimu au hakimu?"

"Ni mimi. Lete hapa."

Kijana mrefu, shati limepauka, chaki kwenye kiwiko. Jina lake Stratis, mwalimu wa fizikia.

"Mimi sina kanuni," alisema. "Mama wa mwanafunzi akinipa pai ya mchicha, nasahau hata bei."

"Ndiyo maana shati limepauka."

Stratis akacheka mpaka watu wakageuka. Evanthia naye akacheka, ingawa hakutaka. Walipotoka walikuwa wamegundua kwamba wote wawili wanamfundisha Kleio, binti wa Bi Despina, na kwamba Jumapili saa tano asubuhi wote hawana kipindi.

Jumapili ya kwanza kahawa, ya pili kahawa na matembezi ufukweni. Katikati ya wiki, simu.

"Umekula, hakimu wangu?"

"Nimekula. Wewe umelipwa?"

"Nimepewa jibini."

"Stratis!"

Jumapili ya pili Evanthia alimwambia jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu. Mwaka uliopita alimpunguzia mzazi mmoja, na kufikia Pasaka mtaa mzima ulikuwa unadai bei hiyo. Safari hii yuro ishirini na tano kwa saa, haishuki. Ikishuka tena, chumba chake cha kupanga kimeondoka, na itabidi arudi kijijini kwa mama yake.

Sasa Jumapili ya tatu, saa nne asubuhi, anapaka wanja, simu ikalia. Bi Despina.

"Mwalimu wangu mpenzi, sikufichi. Bwana Stratis amekubali kumfundisha Kleio na hesabu pia. Kumi na tano. Sasa wewe unasemaje?"

Evanthia alikaa kitandani, akasimama, akakaa tena. Jamani, siri ya bei si alimwambia Stratis peke yake! Alijibu atafikiria, akakata. Kisha akamwandikia Stratis: "Leo siji. Usinitafute." Akafungua dirisha, akalifunga. Aliosha kikombe kilichokwisha oshwa. Kila simu ilipotetemeka aliitazama, na hakupokea. Alichukia jinsi alivyotaka kupokea.

Saa tano na dakika tano, mlango ukagongwa.

"Nani?"

"Mwanafunzi."

Alifungua ili amfukuze. Stratis alikuwa anahema, shati jipya jeupe bado lina mikunjo ya dukani.

"Kumi na tano!" Evanthia akamrukia. "Nimekufungulia moyo wangu, we mtu, ukaenda kuuza kwa kumi na tano!"

"Ahaa. Bi Despina." Stratis akajipangusa jasho. "Mimi hesabu sijaikubali. Jana kaniambia wewe umekubali fizikia kwa kumi na tano."

"Mimi? Fizikia?"

"Nikamwambia akupe tu hiyo fizikia, tumwone Evanthia anayeogopa kubadilisha balbu akifundisha umeme. Akakata simu." Hakuwa anacheka. "Mimi sikuamini hata dakika moja, Evi. Wewe uliamini."

Hapo ndipo alipoumia kweli. Amezunguka na karatasi ya kanuni akijilinda na kila mtu, na aliyemwumiza mwenzake ni yeye.

"Nisamehe," alisema. "Niliogopa."

"Najua. Lakini umeghairi saa nne na robo, na tulikuwa tukutane saa tano." Alitoa mfukoni karatasi iliyokunjwa, nakala ya kanuni zake. Juu, jina la Evanthia limekatwa, limeandikwa Stratis. Fizikia. Ishirini na tano. "Wazazi wa wanafunzi wangu wote wanayo tangu jana. Kanuni ya nne, mwalimu. Saa yangu imehesabiwa, nimeifuata."

Simu ikalia. Evanthia akapokea, macho kwa Stratis.

"Bi Despina, bei ni ileile. Ndiyo, na fizikia pia. Bwana Stratis yupo hapa mbele yangu, nimpe simu? Basi. Kleio nitamwona kesho." Akaiweka mezani.

"Saa moja tu unadai?" aliuliza.

"Hii nadai. Za maisha yangu yote yaliyobaki nakuja kuziomba, tuishi pamoja, ukikubali."

"Bei yangu haishuki, unajua."

"Nani amekuomba uishushe?"

Evanthia akamvuta ndani kwa shati lake jipya.